Moshi Ndani ya Kioo

Wapendwa wa hapa Munyaka, na nyinyi mmekaa karibu na mlango mkidhani sitawaona, hamjambo? Mimi leo nashuhudia juu ya moshi.

Mnajua nyumba yangu ilichomwa kule Burnt Forest, ile Januari ya vita ya makabila baada ya kura. Mahindi kwa stoo iliungua mpaka watu wa Nakuru wakasikia harufu ya bisi. Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka. Lakini tangu hapo nikiona moshi, miguu ilikuwa inaondoka bila kuniuliza. Mtu akichoma mahindi hapo mtaa wa West Indies, mimi nazunguka na barabara ya Uganda. Mama watoto akawa anapikia kwa jirani na kutuletea chakula na sufuria za huyo jirani, miaka yote. Jiko yetu kuku ilitagia ndani.

Sasa nikapata kazi ya kufagia karakana ya chuo fulani. Mwalimu wa huko, msichana mdogo, anajaribu mashine ya kutengeneza stima. Haitumii mvuke ya maji, inatumia hewa imefinywa kwa mabomba, ni kama ndovu kumi wamekalia kidole yako. Nikauliza, "Madam, hii ni hewa gani?"

"Ni ile inatoka kwa moto, Mzee. Hata kwa moshi iko."

Nilikimbia mpaka geti. Askari akauliza, "Mzee, kunaungua?" Nikamwambia, "Bado."

Madam akanifuata. "Kuja uone. Imefungwa, haiwezi kukufuata."

Kulikuwa na kidirisha ya kioo nene. Ndani, chini ni kama maji, juu hewa, mstari katikati. Akaongeza joto kidogo, hata ya mwili wa mtu haifiki. Ikaingia ukungu, halafu ule mstari ukapotea. Si maji, si hewa, ni zote mbili. Ndugu zangu, nilivua kofia. Kitu ilinifukuza kwangu iko mbele ya pua yangu, imetulia kama maziwa ya mursik kwa kibuyu.

Akafungulia hiyo hewa. Gurudumu ndogo kama ngumi ikazunguka ikilia kama nyuki, bulb ikawaka. Halafu psss, ikazima.

"Sili za kuzuia hewa zimevuja tena," Madam akasema. "Na hii hewa ikipata moto sana inakula chuma." Kesho yake alirudi na spana. Na kesho yake tena. Nikajiambia, huyu anarudi kwa kitu inamshinda kila siku, na mimi jiko yangu?

Jana niliwasha. Macho ililia, lakini miguu ilikaa.

Asante Madam. Asante askari, hukupiga king'ora. Asante jirani yangu, ulitupatia moto wa kupikia wakati watu wako na wangu hawasalimiani. Na nyinyi, kitu ikikuchoma, itafutie kidirisha uichungulie.

Naona jirani amesimama. Sema, Mama.

"Amina. Sasa sufuria zangu zirudi leo."