Simu ya Bibi wa Uvira

Katika basi la kutoka Brooklyn Center, huku ughaibuni, kwenye kiti cha mbele yangu, Mama Shekinah, Mkongo mwenye sauti ya kwaya, alikuwa amemtambua aliyeketi kando yake: Madam Velma, Mkenya anayefundisha watoto Kiswahili kanisani.

"Mwalimu, mutoto akisema 'niko ku nyumba', unamukosoa?"

"Lazima! Ni 'nyumbani'. Mimi nafunza vile imeandikwa kwa kitabu."

Kitabuni, nilimsahihisha kimoyomoyo.

"Basi sikia. Zamani mutoto wangu Shekinah alijibu Kiingereza tu. Sasa anaongea Swahili, merci. Lakini bibi yake akipiga simu toka kwetu Uvira, Shekinah anamukosoa neno kwa neno. Juzi bibi akasema, 'Nipe mama yako, huyu mwalimu simuwezi.'"

Velma alimgeukia. "Kwa hivyo nimfunze makosa?"

"Makosa? Ile ndiyo Swahili maman alinilelea nayo!"

Mimi Mtanzania nilikuwa na jibu sahihi mdomoni. Kisha nikawakumbuka wanangu, ambao nimewasahihisha tangu utotoni, na ambao hadi leo hunijibu kwa Kiingereza. Basi liliposimama niliwapisha, wakashuka wakibishana, nami nikawafuata bila kumsahihisha yeyote.