Roshani Isiyo na Nguzo

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja la mbao mbele ya duka la kinyozi, kwenye kivuli cha roshani mpya ya ghorofani. Roshani ile haikuwa na nguzo hata moja. Ilibebwa na boriti mbili za chuma zilizochomoza ukutani, na aliyeziunga ni Cheche, mchomeleaji, kwa ajili ya dada yake aliyeishi huko juu na mimba yake kubwa. Asubuhi hiyo Cheche alikuwa akinywa kahawa kwenye benchi, akaangalia juu. Juu ya boriti moja, lipu ilikuwa na ufa ambao jana haukuwapo.

— Nyumba inajinyoosha tu, alisema Wembe, kinyozi. Hata mimi nikiamka mgongo unalia.

— Ni jua hilo, alisema Zege, mwashi aliyetoboa ukuta ule. Chuma kikipata joto kinanenepa.

— Basi jioni kitakonda, ufa ujifunge wenyewe! alidakia Wembe.

— Mbona roshani imeinama? aliuliza Cheche.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndugu yangu. Labda inataka kahawa. Au ardhi ndiyo inayohama, nyumba inaifuata.

Wembe alicheka peke yake.

Mama mmoja, mpangaji mpya wa chini, alikuwa akipita na ndoo. Akasimama, akatazama juu.

— Samahani, wanangu. Huku nje naona chuma kilivyotoka. Ndani ya ukuta kimeingia kiasi gani?

Cheche akamgeukia Zege. Zege akamgeukia Cheche.

— Si wewe uliyepima? aliuliza Zege.

— Mimi nilikuta matundu yako tayari, nikachomeka.

— Yale yalikuwa mafupi, ya kuanzia tu! Nilijua utaniambia niongeze.

Wembe aliinuka, akavuka barabara bila kuaga. Ndipo mlango wa roshani ukafunguka, dada akatokea na beseni la nguo mbichi.

— Kaka! Mbona mnanitazama hivyo?

— Rudi ndani!

— Ngoja kwanza nianike.

Chembe za lipu zikadondokea kahawani. Cheche alipanda ngazi mbiombio, akamdaka dada yake mkono na kumvuta ndani. Beseni likabaki nje. Akabamiza mlango, akaketi sakafuni akiuegemea.

— Kuna nini, kaka?

Alielekeza kidole gumba nyuma yake, kwenye mlango. Roshani haikuanguka. Lakini nyuma ya mgongo wake chuma kilianza kulia, taratibu, ndani ya ukuta. Dada yake naye akakisikia. Akashika tumbo lake kwa mikono miwili, na hakuuliza tena.