Suruali Nilizopunguza Kimya Kimya

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda chetu cha sabuni, Ndugu Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, waheshimiwa wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa zamu zote, wanangu na wakwe zangu mliokuja kuniaga, na wewe mume wangu uliyekaa safu ya pili ukafunga vifungo vyote vya koti kwenye joto hili: habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi na karatasi. Karatasi kaniandikia Afisa Utumishi, na kaandika vizuri, Mungu ambariki. Humu nasema kwamba kiwanda ni familia yangu na kwamba nimejifunza mengi, na yote ni kweli. Lakini tangu asubuhi nimeisoma mara tatu, na kila nikifika mstari wa pili macho yananikimbilia kule safu ya pili. Sitaisoma. Mniwie radhi, na mkiniona nahangaika hapa mbele, mara huku mara kule, mjue sijazoea kuongea mikono ikiwa mitupu.

Kwa wageni wasionijua, mimi ndiye fundi cherehani wa kiwanda. Kwa miaka thelathini na moja nimewashonea hawa watu sare, na kila mwanzo wa mwaka nimewapita mmoja mmoja na futi yangu: bega, kifua, kiuno, urefu wa mguu. Daktari humwona mtu akishaugua. Mimi nawaona mkiwa bado mnajiita wazima. Na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, na hilo mnalijua, sikuwahi kuona inchi mbili zimetoweka au nne zimeongezeka nikanyamaza. Wangapi hapa nimewapeleka kwa muuguzi wetu nimewashika mkono kama watoto wa chekechea? Wangapi mmeninunia mwezi mzima? Haya, msinyooshe mikono, tutakesha.

Mtunza stoo, hebu simama wakuone. Simama, bwana, usijifiche nyuma ya mtu, maana hiyo ndiyo tabia yako ya zamani. Huyu, jamani, miaka minane iliyopita alipungua inchi tatu kwa mwaka. Nikamuuliza, akanijibu, "Mazoezi, mama." Mazoezi gani, mtu anayetuma wenzake wamletee hata kalamu iliyo meza ya pili? Mwaka uliofuata siku ya vipimo ikafika, naye hakuja. Akamtuma msaidizi wake, yule tuliyemwita Kibonge, aje apimwe kwa jina lake! Akadhani sitajua. Nikajua, na hasira zikanipanda. Nikapima kiuno inchi arobaini na mbili, nikaandika kwenye daftari, nikashona vile vile, sikupunguza hata uzi mmoja.

Siku ya kuvaa sare mpya akaja kwenye chumba changu cha kushonea ameishika suruali kwa mikono miwili. "Fundi, umenidhalilisha! Stoo nzima wananicheka!" Nikamwambia, "Nimekushonea mwili uliouleta." Nilitegemea tugombane. Wapi! Alikaa juu ya robota la vitambaa, mtu mzima, akaanza kulia. Akasema, "Mama, nakunywa maji jagi zima na kiu haiishi. Ninajua kuna kitu. Naogopa kwenda kupima." Nilifunga cherehani tukaenda. Ikawa sukari.

Sasa niwaambie kilichonifanya nimsimamishe leo, kwa idhini yake. Si ugonjwa, maana ugonjwa anao mpaka sasa, anameza dawa zake na kuchunga anachokula. Ni ile miaka miwili aliyokuwa anajificha. Mkewe aliniambia kwamba watoto walikuwa wakisikia viatu vyake mlangoni wanatawanyika. Hapa kazini alikuwa anagombana mpaka na mifagio. Leo anakuja kwa miguu asubuhi, anaimba vibaya, tunamsikia mpaka upande wa pili wa ukuta. Nilimuuliza siku moja, "Katika ile miaka miwili, ulifurahi lini?" Akafikiri, akafikiri, akasema, "Mama, hata sikumbuki." Kaa, baba, asante.

Ndiyo maana nawasumbua. Nyie vijana wa kitengo cha kuchanganya, mnaokula chipsi na soda asubuhi, mchana na jioni, mnadhani nasema habari za wazee? Akina mama wa kufungasha, mliokwenda kupimwa afya wote mwaka jana isipokuwa watatu, hao watatu mnangoja nini? Furaha mnayoitafuta kwenye simu na mishahara ni kupanda ngazi zile za ghorofani huku unapiga soga. Ni kula chakula ukasikia ladha yake. Ni kulala bila kujipapasa ukijiuliza hiki kivimbe nini. Mimi mwili wa mtu ambaye hajiogopi naujua hata kabla sijamgusa na futi, anasimama wima na anatania.

Sasa nafika pale nilipokuwa sitaki kufika.

Mume wangu mnamjua, ni dereva wa lori letu, mnamwita Mzee Polepole. Miezi mitano iliyopita aliacha suruali yake juu ya kiti chumbani. Nilipoishika nikaona mkanda umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Alipokwenda kuoga, nikaipunguza inchi moja kwa nyuma, nikairudisha pale pale. Akaivaa. Akauliza, "Chai ipo?" Nikasema ipo. Wiki tatu baadaye ikawa suruali ya pili. Kisha ya tatu. Mpaka leo ni tano, jamani, na koti alilovaa nimelisogeza vifungo jana na bado linamcheza.

Mdomo wangu ulikwenda wapi? Mimi niliyewafokea wote hapa, niliyemwaibisha mtunza stoo mbele ya stoo nzima, kwangu nilikuwa nashona kimya kimya kama mwizi! Niliogopa. Hilo tu. Nilijiambia nisiposema basi halipo. Anakwenda kukohoa nyuma ya nyumba, na mimi nabamiza masufuria ili nisisikie. Redio tumeiongeza sauti ili mtu asilazimike kuongea. Tulikuwa na mipango yetu ya kustaafu, niweke cherehani barazani, yeye awe ananiletea vitambaa na kunisumbua, na tulikuwa tukiipanga kila jioni huku tunacheka. Sasa hatuizungumzii tena. Juzi nilimgombeza kwa ajili ya kijiko. Kijiko! Ugonjwa hata jina lake hatujaambiwa, na miezi mitano ya raha yetu imeshakwenda.

Mheshimiwa Mkurugenzi, mmeniandalia zawadi, nimeiona pale imefungwa vizuri, nashukuru sana. Lakini nina ombi. Kesho lori lina safari. Naomba dereva wako apewe ruhusa, saa mbili asubuhi niwe naye hospitali. Umeitikia kwa kichwa, Mheshimiwa; naomba kwa mdomo, hawa wawe mashahidi. Umesikika. Asante. Msipige makofi kwanza, tafadhali, ngojeni, kwa sababu mwenyewe bado hajasema.

Ona, amesimama. Sema, baba watoto. Sema kwa sauti, wa nyuma hawakusikii.

Jamani. Ngojeni niwaambie wa nyuma alichosema. Anasema, "Nilijua unazipunguza. Nilikuwa naziacha pale kwenye kiti makusudi, nikingoja uniulize."

Miezi mitano! Mimi namngoja aseme, yeye ananingoja niulize, na kitanda ni kimoja.

Basi nakuuliza. Nilipaswa kukuuliza chumbani, sikuweza, nakuuliza hapa mbele ya watu mia tatu na unisamehe. Unaumwa, mume wangu?

Ameitikia. Mmemwona, ameitikia.

Haya. Sijui kesho watatuambia nini, na siwezi kujifanya jasiri. Inawezekana ni jambo dogo. Inawezekana tumechelewa, na tukiwa tumechelewa, nitajua ni kwa nini. Ila tangu aliposimama pale nimevuta pumzi ambayo sijaivuta tangu ile suruali ya kwanza, na naona naye amefungua kifungo kimoja cha koti, Mungu wangu, na joto lote hili.

Mheshimiwa, wageni wetu, wenzangu wote niliowapima na kuwaudhi, nawashukuru kwa miaka yenu na kwa masikio yenu ya leo. Kiti changu cha meza kuu mpeni mtu mwingine. Wewe binti wa safu ya pili, nisogezee nafasi hapo, nashuka kukaa naye.