Chembe Hazitoshi

"Ukishajua, utafanya nini?"

Mama aliniuliza hivyo jikoni kwake, Nansio, nilipomwambia nina uvimbe kwenye titi na kwamba daktari wa Mwanza anataka kuuchoma sindano, avute chembe za kupima. Nimesoma chuo kikuu, na mdomo wangu mnaujua hapa kikundini, lakini nilifunua sufuria nikaanza kukoroga mchuzi.

"Kitu hicho kikichokonolewa kinaamka," akasema. "Kiache kilale, mwanangu."

"Mama, nani alikiona kikilala?"

"Haya, msomi. Kula."

Nilikwenda. Sindano ilikuwa nyembamba, kama ya kutolea damu. Daktari aliisogeza mbele na nyuma ndani ya uvimbe, akavuta, akapaka kwenye vioo vya hadubini. Nilimuuliza maswali mpaka akacheka. Majibu yakatoka: chembe hazitoshi, urudie kipimo.

Ndugu zangu, mimi nisiyeamini hata utabiri wa mvua, nilisikia "hatujaona kitu". Nikampigia mama, akamshukuru Mungu. Sikurudi. Uvimbe uliendelea kukua, nami nikawa naoga bila kujigusa upande ule.

Aliyenitoa huko ni jirani yangu wa Pasiansi, mtaani kwangu Mwanza. Amekaa hapo nyuma, hataki nimtaje. Tulikuwa tunafua, nikamsimulia jinsi nilivyopimwa nikakutwa salama.

"Walisema uko salama?"

"Walisema chembe hazitoshi."

"Wewe unayebishana na mchungaji mpaka watu wanachelewa kula, hili umelimeza bila hata maji?"

Nilicheka. Kisha nikashindwa kuendelea kufua.

Sindano ya pili ilipata chembe za kutosha. Ilikuwa saratani. Wakachukua na kipande kidogo cha nyama ya uvimbe wakathibitisha, wakaniondoa titi, wakanipa dawa zilizomaliza nywele mpaka nyusi. Siwezi kuwadanganya kwamba niliona nuru. Niliona ndoo ya kutapikia, na mama ameishika. Aliacha shamba lake, akalala sakafuni kwangu mpaka nilipoweza kusimama. Nikimwambia apumzike, ananijibu, "Nyamaza, tapika."

Leo nipo. Kwa nini mimi, na si yule dada wa kitanda cha pili wodini, sijui. Atakayewaambia anajua, mwulizeni amejuaje. Ninachojua ni kidogo: ukiambiwa chembe hazitoshi, bado hujajibiwa. Rudi, hata kama miguu haitaki. Asante jirani. Asanteni mlioniletea uji nikautapika na kesho mkaleta mwingine. Na daktari yule, aliyevumilia maswali yangu, namshukuru hata kama hayupo hapa.

Mama tulimzika mwaka jana. Alikohoa muda mrefu, sote tukasema ni kifua. Shangazi yangu, mmoja wa waliomwosha, amenieleza juzi tu: chini ya kanga aliyojifunga kifuani kulikuwa na kidonda kwenye titi, na uvimbe uliokizaa mama alikuwa nao tangu mimi nikiwa chuoni.