Ubeti wa Tatu wa Kagwe

RISALA YA KWAYA YA CHEMCHEMI, KITALE, KWA MGENI RASMI, MWIMBAJI MARY ANN NYARUAI

Mgeni rasmi, mchungaji wetu, wazee wa kanisa, wageni mliotoka Cheptais na Sirisia, na majirani wote: Bwana asifiwe!

Mimi ni Everlyne Jelimo, katibu wa kwaya. Nimepewa risala hii niisome kwa sababu wenzangu wanasema mimi silii ovyo. Tutaona.

MAKARIBISHO

Mary Ann, karibu nyumbani. Protokali inataka tukuite mgeni rasmi, na tutajaribu, lakini ulimi umezoea. Wewe ulisimama hapa mstari wa mbele, sauti ya pili, ukiwa na gambuti zenye matope ya shamba la baba yako. Leo umekuja na magari mawili na watu wa kukubebea gitaa. Tunafurahi mpaka tunakosa adabu.

HISTORIA

Kwaya hii ilianzishwa na watu wa mahindi na maziwa. Baba yako, Kagwe, ndiye aliyetuletea gitaa. Aliuza maziwa kwa baiskeli akivaa kofia ya cowboy, na Jumapili alasiri hakuna aliyethubutu kugusa redio yake, maana ndiyo saa ya nyimbo za country. Wazee waliuliza kama muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani unafaa madhabahuni. Kagwe akawajibu, "Si hata Daudi alikuwa anachunga, bana?" Gitaa likaingia kanisani.

Wimbo wa "Niachie Lango" tuliutunga tukianika mahindi. Wewe ulileta ubeti wa kwanza, Noah wetu wa besi akaleta wa pili, na Kagwe akaleta wa tatu. Kiitikio kilikuja chenyewe:

Niachie lango wazi, Bwana,
nimechelewa, lakini naja.

Wageni wetu waelewe desturi ya kwaya hii. Ubeti ni wa aliyeuleta. Akisafiri, tunamshikia, tunaimba. Akifa, tunaufunga: tunauvumisha tu, midomo imefungwa, bila neno hata moja, mpaka mtoto wake aje kaburini aufungue kwa kuuimba. Kagwe alikuwa na mtoto mmoja.

MAFANIKIO

Tumeshinda tamasha la makanisa mara mbili. Tumenunua sare. Noah ameacha kuchelewa mazoezi, na hilo tunalihesabu kati ya miujiza.

Lakini fanikio kubwa ni wimbo wetu kuimbwa na wewe redioni. Siku ya kwanza kuusikia, Kagwe akiwa ameshazikwa, tulikuwa kwa jirani yenu Zachary tukipukuchua mahindi. Gitaa likaanza kulia kwa ule mvuto wa country, safi kabisa, sauti ikaita tu, "Ee Bwana," na sisi hatukuutambua wimbo wetu wala mwimbaji! Zachary akasema, "Huyu amelelewa Texas, bana. Amefundishwa tu Kiswahili." Tukamkubalia. Mama yako, Rosaline, akaweka gunzi chini.

"Ati Texas? Huyo ni Mary Ann. Si msikie anavyovuta pumzi."

Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wa tatu ulipofika, hukuimba. Gitaa likabaki peke yake, na nyuma yake tukakusikia ukivumisha, mdomo umefungwa. Watu wa redio labda walidhani ni mapambo. Mama yako akasema, "Amemwekea baba yake nafasi." Akalia, nasi tukalia. Mahindi ya Zachary hayakuisha siku hiyo.

CHANGAMOTO

Paa linavuja upande wa sauti ya kwanza. Spika moja inakoroma kuliko mzee wa kanisa ambaye sitamtaja. Vijana wanakwenda mjini na hawarudi.

Changamoto nyingine haikuwa kwenye risala tuliyompelekea mchungaji aipitishe, naye atatusamehe. Kagwe alipozikwa wewe ulikuwa ng'ambo, kwenye ziara ya kuimba, na ndege haikupatikana kwa wakati. Tunajua. Hakuna aliyekusema vibaya; aliyejaribu alikutana na Noah. Tulikuvumishia pale kaburini. Tangu hapo umetuma salamu, umetuma zawadi, lakini wewe mwenyewe hujaja. Tunadhani unaona aibu. Mary Ann, dada yetu, tumekukosa sana. Tunaimba ule wimbo kila mwezi, na tukifika ubeti wa tatu watu wanatazama mlango.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba spika.

Pili, ratiba inasema ukimaliza chakula unaondoka moja kwa moja kwenda Kanduyi, kwa tamasha la jioni. Kanduyi haitahama. Barabara yako inapita nyumbani kwenu. Asubuhi hii magari yako yalipita mbele ya lango lile, vioo vimefungwa. Mama alikuwa amesimama hapo.

Utakuwa umemtafuta kwa macho hapa hemani. Hayupo. Tulimwendea jana na gauni la sare tukimsihi aje aketi meza kuu. Akakataa.

"Mtoto wangu sitamsalimia kwa hema kama mwanasiasa," alisema. "Apite langoni. Baba yake amelala pale pale ndani, karibu na lango. Na msimlazimishe. Mwambieni tu chai iko."

Kwa hivyo, mgeni rasmi, hatukulazimishi. Tunakwambia tu chai iko.

Sasa tutakuimbia. Ubeti wako tutauimba, wa Noah atauimba mwenyewe. Wa tatu tutauvumisha kama kawaida, maana hapa si mahali pake. Maneno yake tunayajua sote, na hakuna hata mmoja wetu atakayeyatamka kabla yako. Sisi pia tunazeeka, na tungependa kuyaimba tena.

Jambo la mwisho. Mama amefungua lango tangu alfajiri. Ndama wa Zachary wameshaingia, na nilipopita nikija hapa walikuwa katikati ya sukuma wiki. Nikataka kuwafukuza nifunge. Akanishika mkono, akasema, "Wacha wale. Nikifunga, akipita atadhani nimefunga."

Mungu akulinde barabarani, na akupunguzie mwendo ukifika pale.

Ni sisi wako, tuliokushikia ubeti wako,
Kwaya ya Chemchemi, Kitale.