Nywele Mbichi Chini ya Ushungi

Katika tuktuk ya kwenda Mji wa Kale, Mwanarusi alikaa pembeni akiwasikiliza abiria wawili wasiojuana. Mdogo wao, mama kijana, alimpakata binti yake aliyekuwa akijikuna kichwa bila kupumzika.

"Mwanangu, mtoto ana nini?" yule mwingine, bibi mtu mzima, aliuliza.

"Mba tu, bibi. Nimemuosha asubuhi, nikamsuka."

"Ulimkausha kwanza?"

"Nywele mbichi ndizo zasukika vizuri. Nampaka mafuta ya nazi, namvisha ushungi, aende chuoni kusoma Kurani."

"Na kichwa kikapikika humo ndani kwa joto hili! Hebu mfungue."

Mama akasita, akaulegeza ushungi. Harufu ya nguo iliyolala na maji iliwafikia wote. Hata dereva alipunguza redio. Juu ya sikio palikuwa na unga mweupe, na nywele hazikuwapo.

"Zipanguse kwa taulo, ziache wazi zikauke mpaka kwenye ngozi, ndipo usuke," bibi alisema.

"Bibi, mimi naamka kwenda kazini. Wewe waamka kwenda wapi?"

"Kazi haitamtoa aibu atakapoitwa kipara."

"Mama, zitaota tena?" mtoto akauliza.

Tuktuk ilisimama, na mama, kwa kuwa walikuwa wamechelewa, akamfunga mtoto ushungi uleule, akaukaza.

Mwanarusi alishuka bila kuaga. Binti yake naye alikuwa chuoni, na asubuhi hiyo alikuwa amemsuka kwa mikono yake mwenyewe, maji yakimchuruzika mtoto shingoni.