Phelesia Anapika Majani

Benchi langu la kahawa liko Awendo, pale malori ya miwa yanapogeukia. Nililiweka kwa ajili ya wateja, si kwa ajili ya bunge, lakini hawa watatu huwezi kuwang'oa: Fanuel mpakia miwa, tunamwita Tingatinga, Omosa fundi baiskeli, jina lake hapa ni Wakili, na Job muuza mitumba, Redio. Leo Tingatinga alikuwa ananiudhi. Anakaa, anainuka, anakaa tena, benchi linalia. Mkewe Phelesia ameleta kitabu cha mapishi nyumbani, na tangu hapo hakuna nyama wala samaki.

— Jana nimepewa biringanya, Tingatinga alisema. Imelazwa kwa sahani kama samaki wa ngege, imemwagiwa nyanya. Kichwa hakuna, mfupa hakuna! Sasa nitapakia miwa na nguvu ya biringanya?

— Na juzi? Wakili akauliza.

— Ndengu ya kupondwa. Boga na njugu. Chumvi unaisikia kwa mbali. Omera, ndugu yangu, nimechoka! Leo nikifika hiyo kitabu inaingia jikoni kama kuni. Akikataa, arudi kwao Kosele.

— Pole pole, Wakili alisema. Hiyo ni dini. Wasabato wamemshika tumbo kwanza, roho itafuata.

— Lakini Jumapili tunaenda misa pamoja.

— Si ndiyo ujue wamemfundisha kujificha!

Redio aliweka kikombe chini. Huyu hajawahi kukubali kupitwa na habari.

— Wakili, wewe huna kitu. Kuna watu wa ng'ambo wanatuzoesha majani. Tukishazoea, ng'ombe zote za soko ya Ogwedhi zinapakiwa, zinaenda.

— Mbuzi watatuachia? Wakili akauliza.

— Mbuzi wa nini? Atakula nini, na majani tumemaliza sisi?

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Halafu nikajikasirikia, maana Tingatinga hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama, anakunja mikono ya shati kama mtu anayeenda kupigana.

Bochaberi, mama aliyehamia hapa juzi kuuza mboga za managu, alikuwa kando akingoja kikombe chake.

— Baba, samahani. Hicho kitabu mama alikitoa wapi?

— Alipewa hospitali.

— Alienda kuona mgonjwa, au mgonjwa ni yeye?

Tingatinga alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Redio. Redio, anayejua mpaka nani amevunja sahani Migori, alikuna kidevu.

— Aliniambia tu anaenda, Tingatinga alisema.

— Na hicho chakula, yeye mwenyewe anamaliza sahani?

— Mimi huandaliwa sebuleni. Yeye na watoto wanakula jikoni. Si ndivyo kila mtu hufanya?

Kwangu pia ni hivyo hivyo, na sikupenda nilivyojisikia.

Tingatinga alitoa simu. Alikosea kubonyeza, akaanza upya. Phelesia alishika mara moja.

— Mama Lynnet... siku ile ulienda hospitali. Walikuambia nini?

Sauti yake ikatufikia sote pale benchini.

— Fanuel, leo ndiyo umeniuliza?